Makofi ya Shangazi Rahabu

Sisi Waha tukimsalimia mkubwa tunapiga makofi taratibu. Shangazi yangu Rahabu, aliyeolewa kijiji cha Simbo, aliacha kupiga, na watu wakasema anaringa.

Kumbe ni mkono. Miaka mitatu iliyopita aliteleza akiwa na dumu la mawese, akavunjika mkono wa kulia. Mfupa uliunga, lakini maumivu yakabaki. Hata kanga ikimgusa anaruka. Juzi, shule yetu ya sekondari ikiwa imefungwa, nilimsindikiza hospitalini Kigoma, na daktari akatuonyesha picha: mfupa mzima kabisa.

"Kwa hiyo nadanganya?" shangazi akauliza.

"Hapana, mama. Maumivu hutengenezwa kwenye ubongo. Ubongo wako umeyapokea muda mrefu mno, sasa ukiguswa kidogo tu unaona kama umevunjika upya. Unaumia kweli."

Njia nzima nilikuwa nawaza: ubongo wenyewe, alituambia, ukikatwa hauumi! Shangazi alitaka kitu kimoja tu, mama mkwe wake amwamini, maana alishaanza kumtafutia mwanawe mke mwingine mwenye adabu.

Tulipofika nilimweleza yule bibi yote. Akacheka.

"Maumivu ya kichwani? Basi ni kichaa. Au ni mvivu aliyepata wakili wa sekondari."

 Shangazi alipiga magoti mbele yake, akapiga makofi. Moja. Mawili. Matatu. Jasho lilimtoka puani, midomo ikamtetemeka, lakini alimaliza salamu yote.

"Umeona?" bibi akaniambia. "Si anaweza?"