Mlima Uliopangwa Kama Mazishi

Katika mtaa wetu wa Mbotela, hapa jijini, watu walijua kupanga safari moja tu ya siku nyingi, nayo ni ya kupeleka maiti nyumbani Magharibi mwa nchi. Hiyo waliijua vizuri, siwanyimi sifa. Mtu akifa asubuhi, kufikia jioni kamati imeshakaa, basi limeshatafutwa, na kina mama wameshaambiwa ni sufuria zipi zitangulie. Kwa hiyo nilipowaambia vijana wa kanisa letu twende tupande Mlima Kenya, tutembee msituni na kulala huko hadi tufike juu, hawakuniuliza swali hata moja la maana. Walimwita mwenyekiti wa mazishi.

Hata leo nikimkumbuka damu inanichemka. Alikuwa mzee wa kanisa, karani katika ofisi moja ya eneo la viwanda, mwenye tumbo la kutosha na sauti ya kutosha. Tangu nipate akili sikuwahi kumwona akitoka kwake hadi barabara ya Jogoo bila kusimama njiani kusalimia watu ili apumzike. Huyo ndiye aliyekabidhiwa mlima. Nilipouliza kwa nini, nikaambiwa ndiye mwenye uzoefu wa safari.

Wazo lilikuwa langu, na nalisema bila haya kwa sababu wao walilisahau haraka sana. Miaka hiyo ya tisini nilifanya kazi katika kiwanda cha nyuzi, na kazi yangu ilikuwa kuanika juu ya paa nyuzi zilizotiwa rangi. Asubuhi za baada ya mvua, kabla moshi haujatanda, mlima ulionekana kutoka pale, mweusi chini, mweupe kileleni. Wenzangu walitazama mara moja wakarudi kuanika. Mimi niliutazama mwaka mzima. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu ambaye hajawahi kwenda popote isipokuwa kazini, kanisani na kwenye mazishi ya watu. Nilitaka kufika mahali ambapo hakuna aliyenituma.

Mwenzangu mmoja pale kiwandani alizaliwa upande ule wa mlima, na kaka zake walikuwa wapagazi wa kubebea wageni mizigo. Alinieleza yote tukiwa tunaanika. Unaanza na msitu mzito, kisha mianzi, kisha matope yanayovua watu viatu, halafu baridi. Unabeba chakula chako, blanketi lako na kisufuria kidogo, na kila kitu usichokihitaji kitakusumbua mgongoni njia nzima. "Na usiende na watu wa maneno mengi," akaniambia. "Huko juu pumzi ni ya kutembea nayo tu." Niliyapeleka hayo kwenye mkutano wa kwanza nikidhani nimeleta kitu.

Mkutano ulifunguliwa kwa sala, ikafuata chai. Kisha mwenyekiti akaunda kamati: ya usafiri, ya chakula, ya maombi, ya mapokezi. Nikauliza tutapokewa na nani, tumbili? Watu wawili walicheka, yeye hakucheka. Akaendelea kutaja vitu vyake. Gunia la mchele. Makaa. Sufuria mbili kubwa za kanisa, zile ambazo hata zikiwa tupu hubebwa na watu wawili. Viti vya wazee watakaotusindikiza. Hema la kukodi, lile la matanga, lenye vyuma. Kipaza sauti.

"Kipaza sauti cha nini?" nikauliza.

"Cha matangazo."

"Unamtangazia nani msituni?"

"Dada, kaa chini. Tuko na ajenda."

Sikukaa. Nilimwambia hatuendi kuzika mtu, tunaenda kutembea, na kila mmoja atabeba kwa mgongo wake. Hilo hema lako la vyuma litapandishwa na nani? Akanijibu kwamba vijana wapo. Hakuwa anatania, na hilo ndilo lililonitisha. Kwake yeye mlima ulikuwa boma la mtu lililo mbali kidogo, na kule mwisho wa njia kuna kina mama wanaongoja na maji ya moto.

Nikaamua nijitayarishe mwenyewe. Nilienda soko la Gikomba nikanunua begi la mgongoni la mtumba na viatu vya ngozi vya kiume vilivyonibana vidole. Kila asubuhi nilitia mawe ndani ya begi nikatembea nalo hadi kiwandani, na jioni nikarudi nalo. Vijana wa pale kwenye kibanda cha sigara walinifanyia mzaha.

"Niaje, siz? Unahama ama umefukuzwa?"

"Ameiba ukuta wa kanju, anaupeleka ushago kwao kijijini pole pole."

Niliwarudishia matusi ya kutosha mpaka wakanizoea. Aliyekataa kunizoea ni mama.

Mama yangu alikuwa mpishi mkuu wa matanga yote ya Mbotela na nusu ya Shauri Moyo. Hakuna aliyemchagua. Aliushika mwiko siku moja, na hakutokea mtu wa kuthubutu kumnyang'anya. Tuliishi wawili katika chumba kimoja cha nyumba za kanju, yaani za baraza la jiji, pazia katikati, na majuma yale tulizungumza kupitia pazia hilo, wala si kwa upole.

"Mwanamke anabeba mawe ya kazi gani? Kama una nguvu hivyo, kuna maji ya kuteka."

"Nimeshateka."

"Teka tena."

Mkutano wa mwisho ulifanyika Jumapili nyuma ya kanisa, baada ya ibada, na kina mama wa chakula nao walikuwepo. Mwenyekiti akasimama akatangaza utaratibu. Wanaume watapanda mlima. Wanawake watabaki kwenye lango la msitu wakipika.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Wapike, ale nani?" nikauliza. "Watu wako juu siku zote hizo, chakula kiko chini."

"Watakikuta wakishuka."

"Na huko juu watakula nini?"

"Mkate," akasema, kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

Basi hiyo ndiyo ilikuwa akili iliyotumika miezi yote ile. Wanaume watafune mkate mkavu kwenye baridi, na sisi tukoroge wali wa kufukuzia nyani. Nikamwambia hivyo hivyo. Akavuta suruali juu ya tumbo akauliza amepanga mazishi mangapi, na ni nani aliyewahi kurudi kutoka kwake na njaa.

"Wale unaowapeleka huwa hawarudi," nikamwambia.

Hapo hakuna aliyecheka. Akasema tupige kura, anayetaka wasichana wapande ainue mkono. Niliinua wangu. Nikawatazama wasichana wenzangu, wale wale walioniambia pale bombani kwamba tutaenda sote, na mmoja akaanza kuchunguza kucha zake kana kwamba amepewa leo. Nikaelewa. Walitaka kupanda basi, wapigwe picha, warudi. Mkono wangu ulikuwa peke yake hewani, na sikuushusha.

Ndipo mama akasimama. "Huyu ni wangu," akasema. "Mtamwacha na mimi kwa sufuria." Wakampigia makofi. Mama yangu mzazi, ambaye mawe yangu aliyaona kila asubuhi, aliniuza mchana kweupe, na wakampigia makofi.

"Nitapanda," nikasema. "Mnaweza kuniacha langoni, lakini hamwezi kunifunga kamba." Kaka wa yule mwenzangu wa kiwandani alikuwa amekubali kutuongoza, nami nilijua hatamwuliza mwenyekiti ni nani anayeruhusiwa kupanda.

Jioni ya kuamkia safari nilikuwa nikipanga begi kitandani. Niliyatoa mawe, nikatia unga wa uji, sukari, karanga, blanketi na sweta mbili. Mama akalivuta pazia akasimama akitazama.

"Ukifia huko, nani atapika?"

"Apike nini?"

"Mtaa huu mimi ndiye hupika. Lakini mama wa marehemu hashiki mwiko. Yeye hukaa chini akanyoosha miguu, wengine ndio wanahangaika. Sasa niambie, matanga yako nani atayapikia?"

Nilikuwa nimechoka kubishana. "Sijui, mama. Tafuta mtu."

Alilirudisha pazia. Nililala nikijua nimeshinda.

Asubuhi nilipofunga kamba za viatu nikaona jiko ni baridi. Mama alikuwa ameketi chini mlangoni, leso kichwani, mikono mapajani, miguu ameinyoosha kutoka mwimo mmoja hadi mwingine. Chumba chetu kilikuwa na mlango mmoja. Huko nje jirani aliyetoka bombani alimwona akaweka ndoo yake chini.

"Poleni, mama. Ni nani?"

Mama akanielekezea kidevu.

Jirani akanitazama, akatazama begi, akatazama viatu, na pole yake ikaishia mdomoni. Wengine wakaja wakasimama. Basi lilipiga honi barabarani, likapiga tena, kisha nikamwona mwenyekiti akija mbio, ndiyo mara ya kwanza kumwona akikimbia, kwa sababu sufuria zilikuwa zimeshapakiwa na mpishi hayupo. Alipomwona mama alivyokaa, alielewa kabla ya kuambiwa.

"Msichana, mwombe mama yako msamaha twende," akasema. "Watu wote wanakungoja wewe."

"Mama, toa miguu," nikasema.

"Pita."

"Nipite wapi?"

"Si una nguvu? Pita."

Kwetu mtoto haruki miguu ya mama yake. Hata mtoto anayetambaa huvutwa nyuma akijaribu, kwa sababu kumruka mzazi ni kumkana. Mama alilijua hilo, mwenyekiti alilijua, jirani mwenye ndoo alilijua. Aliiweka miguu yake pale kama kufuli.

Nilimchukia, na nalisema wazi. Kunikataza alikuwa amenikataza tangu zamani, hilo nililizoea. Nilimchukia kwa kunizika nikiwa mzima na viatu miguuni, mbele ya watu, kisha akanipangia mimi niwe ndiye mkosaji. Ningeweza kuketi na kuvua viatu. Mchana ningekuwa langoni namenya vitunguu, na hadi leo ningekuwa nasifiwa kwa utiifu.

Nikashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, nikamruka. Mtu alipiga yowe. Begi lilinivuta nyuma, kisigino kikagusa gauni lake, naye hakusogea hata kidogo. Mwenyekiti akanipisha. Nilitembea hadi kwenye basi nikaketi kiti cha mbele, na hakuna aliyekuja kukaa karibu nami. Kilele nilikifikia. Lakini hakuna hatua kule juu iliyokuwa ngumu kama ile niliyopiga juu ya miguu ya mama yangu.