Pono wa Makereta

Shangazi Seruwaia hakuweza kumaliza sahani ya muhogo akiwa amekaa. Hata kanisani alichungulia dirishani, maji yakianza kupwa. Alikuwa mtu wa kwanza wa kisiwa chetu cha Kadavu kuwapanga samaki wa miamba yetu kwa jamii zao na kuwapa majina ya kitaalamu. Pono mmoja wa bluu alimpa jina la bibi, Makereta, na sisi wajukuu tukatembea kifua mbele.

Lakini pono huyo alimnyima raha. Kila wa bluu aliyempasua alikuwa dume. Kila mwekundu, ambaye miaka ya nyuma, kabla ya huyo wa bluu, alimpa jina kama samaki mwingine kabisa, alikuwa jike. Akaacha kazi ya kufundisha chuoni, mjini Suva, akarudi nyumbani, akawafungia wekundu watupu ndani ya uzio wa mawe pwani. Alishinda humo, maji kiunoni, jua lake, mvua yake. Baba yangu Apenisa, kaka yake, alimtania kwamba ameolewa na samaki.

Kisha mwekundu mkubwa kuliko wote akaanza kubadilika. Kwanza mapezi, halafu mashavu. Kabla msimu wa viazi vikuu haujaisha alikuwa bluu mwili mzima, anawafukuza wenzake kidume.

Shangazi alikuja kwetu nguo zikimchuruzika, akamweleza baba kwamba samaki ni mmoja, na jina lililotangulia ndilo linalobaki. La mama litafutwa.

"Nyamaza tu," baba akasema. "Nani atajua?"

"Mimi ninajua."

"Unamzika mama mara ya pili, Seru."

"Mama hakuwa samaki, kaka."

Akatangaza kosa lake mwenyewe. Baba hakusema naye hadi Krismasi ikapita. Shangazi naye hakutulia: akaanza kuwachunguza upya samaki wote aliowahi kuwapa majina, akakonda, akawa anaongea peke yake njiani. Majina mengine kadhaa akayafuta pia.

Asubuhi moja baba akatua ndoo mlangoni pake. Ndani mlikuwa na chewa mdogo, hai.

"Huyu naye mwangalie," akasema. "Simwamini."

Wakashuka pwani pamoja.

Shangazi hayupo tena. Wanafunzi wake wakija Kadavu hulala kwetu, na hawampi samaki jina kabla ya kumtazama akiishi. Baba huwapeleka majini mwenyewe, na ni mkali kwao kuliko alivyokuwa shangazi.