Waziri Aliyekuwa Jirani Yetu Annandale

Sisi tuliokulia Annandale, pembeni mwa Washington, miaka ya themanini tunaikumbuka ngazi ya jengo letu kwa harufu: mlango huu kabichi ya Wakorea iliyochachushwa, ule tui la nazi la mamaangu, na chini kabisa bizari ikikaangwa na Anko Mukunda, Mnepali aliyeosha vyombo mkahawani huku akisoma chuoni.

Kwao mfalme alikuwa amepiga marufuku vyama vya siasa, naye Anko aliponea chupuchupu kukamatwa. Sisi watoto hayo hayakutuhusu. Tulichojua ni kwamba majani yakianza kuwa mekundu, Anko alitutengenezea tiara za karatasi, tukaenda kuzirusha uwanja wa shule. Tiara yake ikikata uzi wa yetu alishangilia kwa Kinepali, mtu mzima na ndevu zake! Watoto wa leo ukiwapa tiara watakuuliza inachajiwa wapi.

Jioni alikula kwetu. Mama alimsemesha Kiswahili makusudi, mpaka akakishika. Mimi nilijibu kwa Kiingereza, na Mama hakuniacha: "Asha, huoni haya? Mnepali anakushinda!"

Jumapili moja ndugu yake Anko alipiga simu kwetu, maana Anko hakuwa na simu. Mama yao amefariki, na mazishi yameshapita. Anko akakaa chini jikoni. Mama akamfunika mabega kwa kanga, akalia naye.

Haukupita muda akaaga kwamba anarudi kwao.

"Watakufunga," Mama akamwambia.

"Wanifunge, Mama Asha. Lakini niwe kwetu."

Wakamfunga kweli. Mama akawa anamwombea dua kila Ijumaa. Kisha tukasikia watu wamejaa barabarani huko Nepal, mfalme amesalimu amri, na vyama vimeruhusiwa. Anko akatoka gerezani, akagombea ubunge, akashinda, akawa waziri wa elimu. Serikali ikaanguka kabla hajakizoea kiti. Miaka ikapita, akateuliwa tena.

Safari hiyo ya pili ndipo alipokuja Washington kikazi. Mimi nilikuwa mama wa watoto tayari. Gari jeusi likasimama nje kwetu, akashuka mzee mwenye mvi, akavua viatu mlangoni, akamwamkia Mama shikamoo, akaenda moja kwa moja kufunua sufuria. Msaidizi wake alibaki ameduwaa.

"Uwaziri ukoje?" Mama akamuuliza.

Akafikiri kidogo. "Hapa watu waliniuliza kama nimekula. Kule wananiuliza nitawapa nini."

Mama akamjazia sahani.

Siku hizi naishi Manassas, nyumba kubwa, kila mtu na geti lake. Jirani yangu wa mkono wa kulia simjui hata jina. Tunapungiana mikono tukitoa taka. Huenda naye atakuja kuwa waziri wa nchi fulani, na mimi nitamwona kwenye televisheni, niseme tu, "Sura hii kama naijua."