Boksi Bila Magodoro

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika chuoni nimeshika viatu vya raba mkononi, kwa sababu mvua ilikuwa imeigeuza njia kuwa tope jekundu. Mkuu wa Chuo, mzee wa Kilutheri kutoka Mlalo, alikuwa amesimama barazani. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia, akautazama ushungi wangu na trakisuti iliyochungulia chini ya gauni.

"Wewe ndiye mkufunzi wa michezo?"

"Ndiyo, mzee."

"Walimu wa michezo hapa hawakai. Baridi kali, na uwanja umeinama. Ukipiga mpira vibaya, unaufuata bondeni. Wa wapi wewe?"

"Wa hapo chini, Soni."

"Basi miguu unayo," akasema, akanikabidhi funguo za jimu.

Jina la chuo nitaliacha. Ni chuo cha ualimu huku kwetu Usambara, na hiyo inatosha. Tulichokiita jimu kilikuwa karakana ya zamani ya useremala. Vyuma vya kunyanyua vilikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Kulikuwa na kamba za kupanda, magodoro mazito ya kuangukia, na boksi la kurukia. Boksi ni kasha refu la mbao lenye ngozi juu. Mrukaji hukimbia, hukanyaga ubao wa kumrusha, huweka mikono juu ya ngozi na kupinduka hewani, kisha hutua upande wa pili. Pembeni husimama mlinzi, tayari kumdaka. Nilikuwa nikiwafundisha kwamba mlinzi haangalii uso wa mrukaji, huangalia kiuno, kwa maana mwili wote hufuata kiuno.

Wanachuo wangu wengi walikuwa watoto wa wakulima, wamebeba kabichi vilimani tangu utotoni, na mapafu yao hayakuwa na shida. Asubuhi tulikimbia barabara ya msituni kwenye ukungu, wasichana wenye hijabu na wasio nayo, kisha tukapasha misuli uwanjani. Yule mzee wa Mlalo alipenda kuja kutazama. Aliniambia, "Madam Mwanaidi, hawa kesho ni walimu. Ukiwafundisha ovyo, ovyo hiyo itafika hadi Shume." Nilifanya kazi chini yake kwa miaka mingi, hadi alipostaafu na kurudi shambani.

Mkuu aliyefuata alikuja wakati wanachuo wameongezeka kuliko vitanda. Siku moja nilikuta magodoro yangu yanapakiwa kwenye mkokoteni kwenda bwenini. Nilimfuata ofisini.

"Mkuu, bila magodoro yale watu hawawezi kuruka boksi."

"Madam, wenzao walale sakafuni ili hawa warukeruke?"

Baridi ya Juni huku kwetu naijua. Nililisukuma boksi hadi ukutani, nikaweka vyuma mbele yake, na tangu siku hiyo tukafanya mazoezi ya chini tu: kusimama kwa mikono, kubiringika kwenye nyasi, kujenga piramidi fupi.

Ndipo alipokuja Elineema, kijana wa Shume, mkimya. Baba yake alikuwa amefariki, mama akilima karoti na viazi. Elineema alijifunzia kupinduka kwenye marundo ya unga wa mbao pale mashine za kupasulia magogo. Tangu nianze kufundisha sikuwahi kuona mtu anayetua kimya namna ile. Alitaka kufundisha watoto wa darasa la kwanza na la pili. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilimkuta amewapanga watoto kwenye mstari akiwahesabisha kwa kuruka, na wote wanacheka.

Mahafali yalipokaribia, Mkuu aliniita. Makamu wake alikuwa ameketi kando.

"Mgeni rasmi ni mpenzi wa michezo," alisema. "Nataka lile boksi litoke nje. Yule kijana wa Shume aruke."

"Uwanja ni mgumu, mkuu, na magodoro hayapo."

"Tutaweka mikeka."

"Mkeka hauokoi shingo. Nirudishiwe magodoro hata kwa siku moja."

"Yameshachakaa, yameshonewa foronya. Nimnyang'anye nani?"

"Basi haruki mtu."

Kisha akamgeukia Makamu. "Mtafute mwingine wa kusimamia." Kazi hiyo wakampa mkufunzi kijana wa sayansi, asiyewahi kusimama mlinzi hata siku moja.

Nilimtafuta Elineema nyuma ya jiko la chuo. Nilimwambia asiruke. Alinisikiliza kwa adabu, macho chini.

"Madam, Mkuu ameniambia nafasi za ajira zikitoka atalikumbuka jina langu. Mama ananitegemea."

"Ukivunjika, nafasi itakufaa nini?"

"Nitaruka mara moja tu, madam. Ile nyepesi."

Siku ya mahafali aliruka ile nyepesi. Watu walipiga makofi, na mgeni rasmi akanyoosha kidole kuomba nyingine. Makamu akamwashiria arudi nyuma aanze tena. Nilianza kukata katikati ya viti nikimwita kwa jina, lakini muziki ulikuwa juu na alishaanza kukimbia. Mkeka uliowekwa chini ya ule ubao uliteleza. Alipinduka bila kimo cha kutosha, na mkufunzi kijana akawa anamwangalia usoni. Akatua kwa shingo.

Nilipiga kelele asiinuliwe. Tulimpakia kwenye gari la chuo juu ya mlango uliong'olewa, nami nikamshika kichwa kwa mikono miwili njia nzima hadi hospitali ya Lushoto. Kila kona aliniuliza, "Madam, miguu yangu imekunjwa?" Ilikuwa imenyooka. Nilimwambia imenyooka. Akauliza tena. Kutoka hapo alipelekwa Moshi, na huko wakathibitisha nililokwisha kulijua garini.

Chuoni Mkuu aliwaamuru wanachuo wafute picha kwenye simu zao. Kamati ya uchunguzi ilipokuja, Mkuu alieleza kwamba kijana alikatazwa na mkufunzi wake lakini akaruka kwa kiburi chake. Maneno yangu ya kumkataza yakawa ndiyo utetezi wao. Mwenyekiti akaniuliza, "Ulimkataza?"

"Nilimkataza. Na Mkuu alimwamuru. Mtoto wa mkulima angemsikiliza nani?"

"Jibu uliloulizwa tu, mwalimu."

Nilirudia jibu lilelile lote. Kabla ya muhula kwisha nilihamishiwa chuo cha mbali, upande wa pili wa nchi, nikamwacha mume wangu Soni. Mkufunzi kijana aliacha kazi mwenyewe. Mkuu alipandishwa cheo.

Kila likizo nilipanda Shume. Elineema alilala kwenye chumba cha mbele, dirisha likitazama misonobari. Watoto wa jirani walileta madaftari, akawasomesha akiwa amelala, hadi vidonda vya mgongoni vilipomzidi na homa ikawa haiondoki. Alifariki wakati wa mvua za vuli. Nilifika mazishi yamekwisha.

Mama yake alinikuta mlangoni. "Onga mshi, mwalimu," alinisalimu Kishambaa, akanivuta ndani, akafunga mlango.

"Waliniambia alikufa kwa ukaidi wake," alisema. "Hata kanisani nilisikia. Wewe ulikuwapo. Mwanangu alikaidi?"

"Hapana, mama. Alitii."

Alikaa chini polepole, akajifunika uso kwa khanga. Tulikaa hivyo hadi giza lilipoingia, na hakuna aliyewasha taa.

Sasa nimestaafu, nipo Soni na bustani yangu ya mboga. Vijana huniuliza kama kazi ya michezo ni nzuri. Ni nzuri. Nimewaona wasichana waoga wakijifunza kupaza sauti uwanjani, na wengi wao leo ni walimu wakuu. Lakini mwili wa mwanafunzi ni amana, na wanaouomba kwa ajili ya sherehe hawatakuwapo kuugeuza kitandani.

Juzi alinipigia simu mkufunzi mpya wa michezo wa chuo kilekile cha Usambara. Ameagizwa aandae maonyesho ya boksi, na magodoro bado hakuna.

"Kataa," nilimwambia, "na ukatae mbele za watu."

"Wakinihamisha, mama?"

"Watakuhamisha."

Nilimsikia mtoto mdogo akilia karibu naye. Kisha akaniuliza kama kule nilikopelekwa mimi kulikuwa na zahanati.