Kipindi cha Mwalimu Kipyenga

Kwenye ratiba ya ukutani kipindi cha michezo kilikuwepo kila siku, kimepakwa kijani, kinapendeza kama bibi harusi. Ila uwanjani hakikufika. Mwalimu wa hesabu alikikopa bila kurudisha. Siku akiumwa, wa sayansi alikidandia. Mwalimu wa michezo, ambaye wanafunzi walimwita Kipyenga, alishinda stoo akijaza upepo mipira isiyopigwa na mtu.

Kisha ikasikika kwamba mkaguzi anakuja. Mwalimu mkuu akamwita Kipyenga ofisini, akamkalisha kwenye kiti cha wageni.

"Siku hiyo uwanja wako, mwalimu wangu. Mkaguzi akiridhika, kipindi nakurudishia."

Jioni hiyo mke wa Kipyenga alimwambia mumewe anachekacheka kama kijana aliyekubaliwa posa.

Kesho yake Kipyenga akaomba watoto waanze kutoka kidogokidogo, wazoeze miili. Mkuu akashangaa: wana majaribio, na tangu lini kukimbia kukafundishwa?

Mkaguzi akaja. Watoto wakajipanga na jezi mpya, mikunjo ya dukani bado kifuani. Binti mmoja mdogo aliuliza kama mbio hizo zitatoka kwenye mtihani. Kipyenga akapuliza filimbi, wakachomoka kama ndama waliofunguliwa zizini, naye moyo ukamjaa. Hawakufika nusu ya uwanja. Huyu kashika kiuno, yule kakaa chini, na kiranja mkuu, fahari ya shule, akatapikia viatu vya mkaguzi.

Mkaguzi alijifuta kwa upole wa msomi. Akashauri watoto wa aina hii wasisumbuliwe, wabaki darasani kwa usalama wao. Mkuu akamshukuru kwa hekima.

Kipyenga akamfuata mkuu mpaka mlangoni, akajieleza mpaka sauti ikakauka: wameanguka kwa sababu hawakimbizwi.

"Si umeona kwa macho yako, mwalimu?" mkuu alimjibu, bila ubaya wowote.

Ratiba mpya ikatoka. Ile kijani ikawa kujisomea, na msimamizi wake Kipyenga. Uwanja ukageuzwa maegesho ya magari ya walimu.

Siku ya kwanza alisimama mbele ya vichwa vilivyoinama. Yule binti wa swali la mtihani alikuwa akisoma huku mguu wake ukirukaruka chini ya dawati, wenyewe tu, dawati zima likitetemeka. Kipyenga aliutazama mguu ule muda mrefu. Wanafunzi wenzake binti wakaanza kulalamika kwamba anawapotezea mstari wanaosoma.

Kipyenga akamsogelea binti, akainama.

"Tuliza mguu, mwanangu," akasema.

Binti akautuliza.