Uta wa Babake Mutua

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Laini Saba, Kibera, nilikabidhiwa jiko la makaa na sufuria ya maji. Nikauliza majani ya chai yako wapi.

"Chai utakunywa kwenu," akasema Fundi Mkuu, Mkamba mfupi asiyependa maneno mengi. "Hapa tunapika mti."

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Kazi yetu ilikuwa kunyoosha nyuta zilizopinda, na wateja wetu walikuwa askari wa usiku waliolinda mageti ya matajiri kwa uta na mishale. Uta una mikono miwili, wa juu na wa chini. Ukiwekwa vibaya kwenye nyumba inayovuja, mkono mmoja hujipinda, na upote, yaani kamba yake, huacha katikati ukakimbilia kando. Sisi tuliupaka mafuta ya kondoo, tukaushikilia kwenye mvuke mpaka ulegee, tukaupinda upande wa pili, kisha tukaushika hadi upoe kabisa. Wengi walishindwa hapo kwenye kupoa. Haraka haraka haina baraka, na mimi nilikuwa na haraka.

Nilipohamishiwa kibanda chetu cha mtaa wa Kongo, Kawangware, askari aitwaye Mutua aliniletea uta wa marehemu babake.

"Fundi, chunga. Ni hii tu mzee aliniachia."

Niliupasha, nikaupinda, nikauachilia ungali na joto ili aone ustadi wangu. Ukarudi ulikotoka, ukalia ta! Ufa mwembamba kama uzi! Mutua alishika kichwa, nami niliona haya ambayo haijaisha hadi leo.

Habari zilipomfikia, Fundi Mkuu alikuja kutoka Kibera kwa miguu.

"Uliachilia mapema?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi leo utashika."

Akaubana ufa kwa tyubu ya baiskeli, akanirudisha kwenye mvuke. Nikapinda, nikashika. Adhuhuri ikapita, Mutua akaninywesha chai kwa mkono wake kama mtoto. Ulipopoa, Fundi Mkuu alifumba jicho moja akautazama toka ncha hadi ncha.

"Sasa wewe ni fundi."

Hakunisifu tena, na sikuhitaji.

Nimestaafu. Wanyooshaji tulikuwa wengi, waliosubiri uta upoe wachache, na sioni haya kujisifu. Juzi Mutua, mvi tele, alikuja kunijulia hali na uta ule. Nikafumba jicho moja. Upote ulipita katikati.

Nilimwambia machozi ni ya moshi. Jiko nilishaliuza zamani.