Farasi wa Norwei Aliyekula Sukuma Yangu

Sukuma wiki ile niliiosha na kuikata peke yangu, kwa hiyo naikumbuka vizuri. Binti wa dada yangu alikuwa anaposwa, nyumbani kwetu Hyattsville, Marekani. Kaka yangu, msemaji wa familia, alikuwa amemwambia kijana anayeposa kwa simu kwamba hataki bahasha ya pesa peke yake. Alete kitu chenye miguu minne.

Kijana alifanya kazi kwenye mazizi ya farasi wa Norwei, huko nje ya Beltsville. Akaazima mmoja.

Farasi alishushwa kutoka kwenye trela majirani wakitazama: mfupi, mnene, rangi ya chapati, ana mstari mweusi mgongoni, na nywele za shingo zimekatwa zikasimama kama brashi ya viatu.

"Huyu ni punda," kaka akasema.

"Ni farasi, mzee. Kwao Norwei ndivyo walivyo."

Wakabishana pale uani mpaka njaa ikaniuma. Kwetu wageni hawagusi chakula kabla wazee hawajaelewana. Wakishakula, maneno yamekwisha, posa imekubaliwa. Nikaiweka sufuria ya sukuma dirishani ipoe kidogo. Farasi akaingiza kichwa, akala yote, akairamba na sufuria.

Wote wakamgeukia kaka. Akavua kofia taratibu.

"Basi," akasema. "Upande wa kijana umeshakula. Tupange harusi."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikauliza nani atapika sukuma nyingine. Hakuna aliyenisikia, isipokuwa farasi, ambaye alirudisha kichwa dirishani akasubiri.